Kibali cha kazi Dubai: jinsi ya kuondoka Moshi na karatasi zilizonyooka kama Wafilipino

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Pasua kanifuata dukani kashika bahasha ya kaki, anasema dada nimeshatoa milioni moja na nusu kwa agenti anitolee kibali cha kazi Dubai, imebaki milioni moja, naomba uniangalizie maana wewe umekaa kule. Nikafungua. Ndani kuna visa ya matembezi ya siku 60, bukingi ya tiketi ambayo hata haijalipiwa, na barua ya ofa yenye nembo ya hoteli iliyovutwa mpaka imekuwa na ukungu, mshahara haujaandikwa, sahihi hakuna. Mama yake kauza ng'ombe wawili kwa ajili ya hiyo bahasha. Nikamwambia mdogo wangu, kibali humu hakimo.

Basi nikaona niandike yote sehemu moja maana maswali ni yale yale kila siku, na nikijibu kwa voisinoti mnalalamika ni ndefu. Nitaongelea Dubai na Emirates (yani nchi yote ya Falme za Kiarabu) kwa ujumla kwa sababu ndo nakujua, Saudia nitagusa tu. Na Wafilipino nitawataja sana, mtanivumilia, ila kama kuna watu wanaojua kwenda kutafuta maisha kwenye nchi za watu wakiwa na karatasi mkononi ni wale.

KIBALI HAKITOLEWI MOSHI

Hili ndo la kwanza na ukilishika hili hata usiposoma mengine umepona nusu. Kibali cha kazi cha Emirates haombi mfanyakazi, anaomba mwajiri. Kompani inaingia kwenye mfumo wa wizara yao ya kazi, wanaiita MOHRE, wanakutengenezea ofa rasmi yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kazi utakayofanya, mshahara wa msingi, posho, masaa, na namba ya muamala. Unasoma, unasaini, unarudisha. Ndo wanaombea kibali, kikikubaliwa unatumiwa visa ya kuingilia kwa ajili ya kazi, na hiyo ndo unapandia ndege. Ukishatua una kama siku 60 za kumaliza mambo: unapimwa damu na eksirei ya kifua (wanaangalia ukimwi na TB, na ukikutwa navyo kwa kawaida ukaazi hupati), unapigwa alama za vidole, unapata kitambulisho chao kinaitwa Emirates ID. Kibali chenyewe ni cha miaka miwili halafu kinahuishwa.

Sasa niambie hapo katikati agenti wa pale stendi anaingilia wapi. Kukuunganisha na kompani anaweza, na hiyo ni kazi halali kabisa akiwa na leseni. Ila kukutolea kibali hawezi, hata awe na shemeji anauza dhahabu Deira, mtaa wa kule Dubai.

Na hela. Sheria yao ya kazi namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzungusha. Visa ya kazi, kibali, vipimo vya kule, ID, vyote vya kompani. Vya kwako ni pasipoti, vyeti na nauli ya kuzunguka kwenye ofisi. Kwa hiyo mtu akikuambia "kibali ni milioni mbili na nusu", muulize tu taratibu, hiyo milioni mbili na nusu inaenda ofisi gani na risiti inatoka na jina la nani. Wengi hapo wanakata simu.

FAILI LA ATE

Msione naongea kama mjuaji, mimi mwenyewe nilienda kijinga. Nilipanda KIA na visa ya matembezi, nimeambiwa "ukifika utabadilishiwa", nikafikia Deira kwenye rumu ya watu kumi na moja, kitanda cha juu, begi nalilalia. Pasipoti aliichukua aliyenipokea, anasema anaitunza isipotee. Kazi nilikuja kupata baadae hotelini, usafi wa vyumba, nikahamishiwa rumu ya wafanyakazi Satwa, mimi na Wafilipino watatu. Mkubwa wao tulikuwa tunamwita Ate, kwao ndo kama kusema dada, kila aliyekuzidi umri ni Ate, hapo nikajisikia nyumbani kidogo.

Siku ya kwanza Ate anakunja nguo, akaniuliza karatasi zangu nazitunza wapi maana kabati lina funguo moja. Nikamwambia pasipoti anayo yule aliyenileta, zingine sina. Akaacha kukunja. Akavuta chini ya godoro faili la plastiki la bluu, lina vifuko kama albamu ya picha, akaanza kunionyesha kimoja kimoja bila kusema neno: mkataba una muhuri wa ofisi ya kazi ya ubalozi wao, cheti cha mafunzo, karatasi ya semina, kadi ya uanachama, kipande cha ruhusa ya kutokea nchini kwao, na nakala ya kila kitu nyingine iko kwa mama yake kijijini. Kesho yake alirudi na faili kama hilo, tupu, akaniwekea kitandani. Bado ninalo.

Sio kwamba Ate alikuwa na akili kuliko mimi. Ni kwamba kwao huondoki bila hilo faili. Wafilipino walianza kuwa na mamlaka ya kusimamia ajira za nje tangu 1982, ilikuwa inaitwa POEA, na sasa hivi kazi hiyo iko kwenye wizara kamili ya wafanyakazi walioko nje, DMW, iliyoundwa kwa sheria iliyosainiwa mwisho wa 2021. Katikati hapo, 1995, mdada wao wa kazi za ndani Flor Contemplacion alinyongwa Singapore, nchi nzima ikawaka, na mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kuwalinda wanaofanya kazi nje. Ndo mambo mengi yakakaza.

Inavyokwenda kwao ni hivi. Agenti lazima awe na leseni na nafasi zenyewe ziwe zimeidhinishwa, unaangalia mwenyewe kwenye tovuti ya wizara. Mkataba unahakikiwa na ofisi yao ya kazi iliyoko nchi unayoenda. Unapima afya, unakaa kwenye semina ya kabla ya safari, unalipa dola 25 za mfuko wa ustawi unaoitwa OWWA. Vikikamilika unapewa OEC, hiyo ndo ruhusa ya kutoka. Eapoti ya Manila wanakuuliza hiyo, huna, ndege unaiona inapaa. Wanaojifanya watalii halafu wanababaika kwenye maswali wanarudishwa nyumbani, Ate alikuwa akisimulia hilo kama watu wanavyosimulia ajali. Wafanyakazi wa ndani haruhusiwi agenti kuwatoza ada ya kuwatafutia kazi, na serikali yao ilishaweka kima cha chini cha mshahara wao, mwaka 2006 kilikuwa dola 400. Kazi zingine ada haizidi mshahara wa mwezi mmoja. Na kuna moja ndo linaniuma roho nikilinganisha na sisi: agenti na mwajiri wanabeba deni pamoja, yani bosi wa Dubai asipokulipa unaweza kumdai agenti kule kule Manila.

Hawaibiwi? Wanaibiwa sana tu, Satwa na Karama nimewaona walioingia kwa mlango wa uani wanalia kama mimi. Ila yule mwenye faili akigombana na bosi alikuwa na pa kuanzia.

Sisi sheria ipo pia, ya huduma za ajira ya mwaka 1999, wakala binafsi anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na kuna chombo cha serikali cha huduma za ajira, TaESA, kilichoanzishwa 2008. Lakini ukweli mtu wa Moshi anapanda ndege na visa ya matembezi na wala hakuna anayemshika mkono. Kwa hiyo mimi nasema hivi, yale Mfilipino analazimishwa na serikali yake, wewe jilazimishe mwenyewe.

ANZIA KWENYE MAJINA

Kabla hujamtafuta agenti wala kompani, toa vyeti vyote uvipange kitandani, cha kuzaliwa, NIDA, form four, chuo, leseni kama unayo, halafu soma jina herufi kwa herufi. Mimi NIDA yangu ilikosa "h" ya mwisho na cheti cha form four kina "h", nikaona ni kitu kidogo, kwenye pasipoti ikatoka bila "h", na nilipokuja kupandishwa cheo hotelini wakataka cheti changu wakasema huyu ni mtu mwingine. Nikahangaika miezi minne nikiwa kule, ndugu zangu wanazunguka huku kwa wakili na kiapo. H moja. Kama yako hayafanani rekebisha sasa hivi ukiwa hapa ambapo ni nauli ya daladala tu.

Cheti cha kuzaliwa kiwe kile cha RITA, sio tangazo la hospitali, wengi bado wanachanganya. Pasipoti unajaza fomu onlaini kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, jumla ni 150,000, halafu unapeleka fomu na viambatanisho ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Moshi ipo na Arusha ipo, sio lazima uende Dar. Wanataka NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi au kiapo, hicho cha mzazi ndo kinawakwamisha watu maana wazee wetu wa milimani wengi hawana, kianze mapema. Inakaa miaka kumi. Kama unayo tayari angalia isiwe imebakiza chini ya miezi sita.

Cheti cha tabia njema cha polisi, kinahitaji alama za vidole, kitafute kama kompani imekiomba tu, maana kikikaa sana wanataka kipya.

Vyeti vya taaluma ni habari nyingine. Kazi za usafi, kubeba mizigo, kuhudumia mezani mara nyingi hawavidai kwa muhuri. Ila nesi, mwalimu, fundi wa cheo, mhasibu, hao cheti lazima kipite Wizara ya Mambo ya Nje kigongwe muhuri halafu kiende ubalozi wa Emirates Dar kigongwe mwingine. Ni gharama na ni siku, panga. Na kama huna ujuzi wowote ulioandikwa, kaka dada, kaa miezi kadhaa VETA kwanza. Moshi ipo, na Arusha pale Njiro kuna chuo cha VETA cha hoteli na utalii kabisa. Ate alikuwa na cheti cha kazi za ndani cha mamlaka yao ya mafunzo, cheti cha kufua na kupika, tunacheka, lakini ndo kilichomfanya atoke kwao kihalali.

OFA IKIJA

Usikubali barua ya WhatsApp ndo iwe ofa. Barua yenye nembo hata mtoto wa darasa la sita anatengeneza kwa simu. Omba ofa ya MOHRE, yenye namba ya muamala, ingia kwenye tovuti yao uitafute. Visa ikija soma aina yake, imeandikwa pale pale kama ni ya kazi au ya utalii, na jina la anayekudhamini lazima lifanane na kompani iliyoko kwenye ofa. Likiwa la kompani ya utalii umeshauzwa.

Halafu mshahara. Hapa watu wanaangalia jumla tu wanaruka. Angalia mshahara wa MSINGI. Kiinua mgongo cha Emirates kinapigwa kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka kwa miaka mitano ya mwanzo, ukishamaliza mwaka. Chukua watu wawili wote wanapokea dirham 1,800 kwa mwezi. Wa kwanza msingi wake ni 800 na elfu moja ni posho, wa pili msingi ni 1,500. Wote wanafanya miaka miwili. Wa kwanza anaondoka na dirham 1,120, wa pili 2,100. Kazi ile ile, rumu moja. Mimi nilikuwa huyo wa kwanza.

Angalia na nani analipa chumba na usafiri, masaa (kawaida ni nane kwa siku, 48 kwa wiki), na muda wa majaribio usizidi miezi sita. Mkataba wa Kiarabu peke yake usisaini, dai wenye Kiingereza pembeni, na ukifika wakikuletea mwingine wenye mshahara mdogo usisaini kwa sababu tu umechoka na safari. Huo mchezo ni wa zamani.

Wanaoenda kazi za ndani: nyie mna sheria yenu tofauti kule, namba 9 ya 2022. Siku moja ya kupumzika kwa wiki, masaa 12 ya kupumzika kwa siku na nane kati yake yafuatane, na vitambulisho unakaa navyo wewe. Kwenye karatasi ni nzuri. Ndani ya nyumba ya mtu ni wewe na Mungu wako, kwa hiyo simu na laini iwe kitu cha kwanza kwenye mazungumzo na bosi kabla hujaondoka. Saudia kazi za ndani zinapita kwenye mfumo unaitwa Musaned, mkataba wako usipokuwemo humo usipande ndege.

AGENTI

Sio wote ni wezi, tuwe wakweli. Muombe jina la kompani yake na namba ya leseni, chukua hizo mpaka ofisi ya kazi ya mkoa, muulize afisa kazi kama inatambulika na kama inaruhusiwa kupeleka watu nje. Ni bure. Kama agenti anasema "tusipitie huko wanachelewesha", umeshapata jibu bila kwenda. Mkataba wako utume pia ubalozi wetu Abu Dhabi au ubalozi mdogo Dubai wauone kabla hujapanda ndege, hiyo ndo ile hatua ya muhuri wa Ate.

Na usiuze kihamba, yani shamba la ukoo, hata robo. Najua wapo waliouza wakarudi wakajenga. Mimi nawajua waliouza wakarudi wakakuta jirani kashang'oa migomba.

KUHUSU "UTABADILISHIWA UKIFIKA"

Nisidanganye, kubadilisha kutoka visa ya matembezi kwenda ya kazi ukiwa kule kunawezekana kisheria kompani ikikupa ofa ya kweli, mimi ndo nilivyopona. Tatizo ni kile kipindi cha kusubiri. Huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja, ukifanya huna mkataba wa kudaia, na tangu 2024 faini ya kompani inayomfanyisha kazi mtu bila kibali inaanzia dirham 100,000 mpaka milioni moja, kwa hiyo kompani za maana zinawakimbia kabisa watu wa matembezi, mnabaki na zile za kichochoroni. Siku zikiisha ni dirham 50 kila siku. Piga hesabu ya mwezi mmoja kwa mtu ambaye anakula mkate na chai ya maziwa.

SIKU YA KUONDOKA

KIA uwe na vitu hivi kwenye begi la mkononi, sio kwenye lile linaloenda chini: pasipoti, visa ya kazi iliyoprintiwa, ofa iliyosainiwa, vyeti, na namba za ubalozi zimeandikwa kwenye KARATASI maana simu inazima chaji. Nakala moja ya vyote abaki nayo mama au mtu mwenye akili timamu nyumbani, sio rafiki. Ukifika, pasipoti isikae kwa mtu, kule ni kosa mwajiri kukushikilia, akihitaji kwa ajili ya ukaazi mpe na umuulize lini inarudi. Emirates ID ikitoka piga picha mbele na nyuma tuma nyumbani siku hiyo hiyo.

Aliyeshalipa na karatasi ni kama za dogo: usimalizie hela iliyobaki, usigombane nae kwenye simu, muulize kwa meseji kwa upole hela ilikuwa ya nini ili ajibu kwa maandishi. Halafu ofisi ya kazi, na polisi. Dogo hana risiti hata moja ila miamala yote ya M-Pesa anayo na voisinoti za agenti akimhakikishia "visa ya kazi". Jumatatu saa mbili tunaenda nae. Nimemwambia wikiendi hii akaprinti kila meseji, maana ile simu yake kioo kimepasuka na inajizima yenyewe.